Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 16: Mbwa wa mlangoni



Leo ilikuwa tuendelee na mada ya zaka. Tutairudia kesho, inshallah. Jana baada ya tarawehe mama mmoja wa mtaani kwetu alinitumia ujumbe wa sauti, na nimemwomba ruhusa niuseme bila majina. Mbwa wao amekufa. Walimwita Simba, amekaa nao miaka 11, na amekufa kwa uzee tu. Mtoto wao wa darasa la nne, ambaye mwaka huu ndiyo anajifunza kufunga, amelia mpaka futari ikamshinda. Baba yake akamwambia, mwanaume halilii najisi, tena na swaumu. Basi mtoto akamgeukia mama: "Kwa hiyo Mungu hampendi Simba?"

Mama akakosa jibu, akaniletea mimi.

Na wewe unayesoma usicheke haraka. Mtoto huyo ameuliza swali la dini, na jibu tutakalompa leo atalibeba mpaka akiwa na ndevu.

Tuanze na yale mepesi. Kulia hakuvunji swaumu. Kumgusa mbwa hakuvunji swaumu. Kama mmembeba mkavu na mikono mikavu, hakuna kilichohamia kwenu. Kama mmembeba kwenye mvua hii ya kwetu, basi osheni kwa maji mara saba, moja wapo kwa udongo, maisha yaendelee. Na kuwa naye hakukuwa kosa: Bwana Mtume (s.a.w.) ameruhusu mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na Imam Nawawi amesema lililo sahihi zaidi ni kwamba ulinzi wa nyumba unaingia kwa kipimo hicho hicho. Anayefuga bila haja ndiye anayepunguziwa ujira wake kila siku. Simba alikuwa na kazi. Baba mwenye nyumba anafunga fremu yake sokoni usiku, na vibaka wa mtaa wetu mnawajua.

Sasa tuje kwenye neno najisi, maana hapo ndipo baba alipoteleza, na wengi wetu tunateleza naye. Najisi ni hukumu ya maji, nguo na mahali pa kuswalia. Damu inayotembea mwilini mwako sasa hivi, ikimwagika ni najisi. Mwanao akikukojolea kanzu unaosha kanzu, humtupi mtoto. Najua utasema: ustadh, hapo najisi ni mkojo, lakini mbwa ni najisi yeye mwenyewe. Kweli, ndivyo tunavyosoma katika madhehebu ya Imam Shafi'i, ingawa kwa Imam Malik mbwa aliye hai ni tohara. Lakini hata kwa Shafi'i, hukumu hiyo inakufundisha namna ya kujiosha. Haijawahi kukufundisha kuchukia. Muuguzi wa hospitali ananawa kila anapomgusa mgonjwa, na wala hatusemi anawachukia wagonjwa wake.

Fungua Suratul Kahf, aya ya 18. Wale vijana wamelala pangoni, na Allah (s.w.) anatuonesha mbwa wao amenyoosha miguu yake ya mbele. Wapi? Kizingitini. Hayuko kati yao ndani, yuko mlangoni. Halafu nenda aya ya 22, watu wanabishana idadi yao: watatu, watano, saba. Kila idadi inapotajwa, mbwa anatajwa naye, wa nne, wa sita, wa nane. Hakuna hesabu hata moja iliyomruka. Hilo jambo mimi hunishangaza kila Ijumaa ninapoisoma sura hii. Majina ya vijana hayakutajwa, lakini mbwa hakuachwa.

Simba naye alikuwa wa mlangoni. Imepokewa kwa Bukhari na Muslim kwamba malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, na familia hii ikafuata: miaka 11 hakukanyaga sebuleni. Alilala barazani, kwenye gunia, na baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba mnaijua wenyewe. Mtoto alimpenda kwa umbali huo huo. Alimpelekea ugali, akamsubiri ale, akanawa, akaingia kuswali. Mwambieni hivyo: ulimpenda kwa adabu ya dini yako, na umehuzunika kwa haki.

Wengi wetu tunaijua hadithi ya yule mtu aliyemkuta mbwa akilamba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza maji kwenye khofu yake, akaishika kwa meno ili apande, akamnywesha. Allah akamshukuru, akamsamehe. Maswahaba wakauliza kama hata kwa wanyama kuna ujira, wakajibiwa kwamba upo kwa kila chenye uhai. Tunaisimulia sana hadithi hii. Lakini tunaisimulia kama hadithi ya yule mtu, tunamsahau mbwa. Yule mbwa kiu yake ilikuwa na uzito mbele ya Mola, kiasi cha kumfutia mja madhambi. Kama kiu yake ina uzito, kifo chake kitakosaje uzito hata wa chozi la mtoto?

Na kuna jambo jingine kwenye kifo cha mnyama, zito kuliko hayo. Kabla ya Ramadhani tulizunguka tukiombana msamaha, simu zikajaa "nisamehe ndugu yangu". Mbwa umwombe wapi? Ulimpiga teke siku uliyorudi na hasira za biashara. Ulisafiri siku mbili ukamwacha amefungwa mnyororo bila maji. Amekufa, na hata alipokuwa hai hakuwa na ulimi wa kukuambia nimekusamehe. Yeye hakukalifishwa, hana swala aliyoiacha wala dhambi ya kuombewa. Mwenye deni ni wewe uliyebaki. Mnakumbuka yule mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie. Huzuni ya mbwa aliyekufa mara nyingi ina majuto kama hayo ndani yake, na hayo usiyafukuze. Yapeleke kwenye toba, na uwaangalie wale walio hai.

Sasa, je, Simba ataingia peponi? Mtoto atauliza, jiandae. Usimpe ahadi ambayo hukupewa. Wapo wafasiri waliosema mbwa wa pangoni ataingia, lakini hayo hayamo katika aya. Tulicho nacho cha uhakika ni hiki: katika Suratul An'am aya ya 38 wanyama wameitwa umma kama sisi, na kwamba watakusanywa kwa Mola wao. Bwana Mtume (s.a.w.) ametueleza kwamba siku hiyo hata mbuzi asiye na pembe atalipiziwa kwa mwenye pembe, na imepokewa kwamba baada ya haki kutimia wanyama wataambiwa wawe udongo. Na watu wa peponi wameahidiwa kila nafsi zao zinachokitamani. Basi mwambie mtoto: Simba hajapotea kwa Allah, hadhulumiwi, na wewe ukifika peponi hutakosa unachokitaka. Hayo yote ni kweli, na yanamtosha mtoto.

Kuna ndugu ataniandikia: ustadh, watu wanakufa, mayatima wana njaa, wewe unatuletea mbwa? Nakubali nusu. Mbwa hawekewi turubai, hasomewi hitima, hana arobaini. Na kama umelia kwa mbwa lakini msiba wa jirani yako wa ukuta mmoja hukwenda, basi kweli umekosea mahali. Ila huruma haipimwi kwa kilo, kwamba ukimpa mnyama robo, mwanadamu anapungukiwa. Ninaowaona mimi wakiwatesa wanyama, sijawaona wakiwa wapole kwa wafanyakazi wao wa ndani.

Karne nyingi zilizopita, Baghdad, aliishi mwanachuoni akiitwa Ibn al-Marzuban, aliyefariki mwaka 921. Aliandika kitabu akakiita, kwa maana yake, Ubora wa mbwa juu ya wengi wavaao nguo. Jina tu linatosha kumtia mtu haya.

Kwa baba, nina moja tu, na nalisema kwa heshima kwa sababu ni mtu wa safu ya kwanza. Anas bin Malik (r.a.) alikuwa na mdogo wake, Abu Umayr. Alikuwa na kandege anakacheza nako, kakafa. Bwana Mtume (s.a.w.) akamkuta mtoto ana huzuni, akauliza ana nini, akaambiwa. Huyu ni kiongozi wa Madina, ana wahyi, ana ujumbe wa makabila unamngoja. Alimwita mtoto kwa kunia yake kama mtu mzima, akamuuliza habari za kandege kake kwa maneno yenye vina, ya kumchangamsha. Mwanachuoni wa Kishafi'i, Ibn al-Qass, alitoa faida 60 katika hadithi hiyo fupi. Mimi naitaka moja tu kwako: alimuuliza mtoto.

Mwisho, kuhusu kuzika, maana hili nimeulizwa pia. Msimtupe mferejini wala jalalani. Chimbeni shimo refu, mbali na kisima, wanyama wengine wasifukue. Mtoto akitaka kusaidia kurudishia udongo, mwacheni. Lakini kama mbwa wenu alibadilika kabla ya kufa, akawa anatoa mate, anang'ata ovyo au anatembea kama mlevi, msimguse kwa mikono mitupu. Mwiteni afisa mifugo wa kata. Na aliyeng'atwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akachomwe chanjo ya kichaa cha mbwa, asingoje magharibi. Sindano hiyo haivunji swaumu.

Wabillahi tawfiq.