Sheli Iko Ukutani Kwako

Taja gari la umeme pale Kilwa Masoko na kabla hujamaliza maneno utaulizwa: "Sasa utachaji wapi?" Swali hilo limewarudisha nyuma watu wengi wenye nia na uwezo. Jibu lake ni fupi. Utachaji nyumbani, hapo hapo unapochaji simu. Anayengoja kituo cha kuchaji kijengwe Nangurukuru ndipo anunue gari atangoja sana, kwa sababu mwenye mtaji wa kujenga kituo naye anangoja magari yaonekane kwanza. Wewe unaweza kuanza bila yeye.

Tazama mizunguko yako ya kila siku. Kutoka Masoko hadi Kivinje hakuzidi kilomita 40. Mwalimu, muuguzi wa Hospitali ya Kinyonga, mwenye gesti, mfanyabiashara wa samaki: nani kati yenu anamaliza kilomita 100 kwa siku? Nissan Leaf za mwanzo, zilizoingia sokoni mwishoni mwa mwaka 2010 na betri ya uniti 24, zilipokuwa mpya zilikwenda zaidi ya kilomita 100 kwa chaji moja. Zile za uniti 40, zilizokuja mwaka 2017, zinapita 200, kwa hiyo zinatoka Lindi hadi Mtwara na chaji inabaki. Dar es Salaam je? Ni karibu kilomita 300 kutoka Masoko, na kwa gari kama hilo njiani utakwama. Panda basi. Usikubali safari ya mara mbili kwa mwaka ikuchagulie gari la siku zote.

Sasa chukua kalamu. Tuseme unatembea kilomita 50 kwa siku, siku 26 za mwezi, jumla 1,300. Gari dogo la petroli linalokula lita 8 kwa kila kilomita 100 litakunywea lita 104. Kwa bei ya shilingi 3,000 hivi, hiyo ni 312,000. Gari la umeme, ukihesabu na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, litatumia uniti 18 hivi kwa kilomita 100, yaani 234 kwa mwezi. Kwa shilingi 356 kwa uniti, bei ya mteja wa kawaida wa TANESCO pamoja na kodi na tozo, utalipa kama 83,000. Wapo watakaokutisha kwamba utaondolewa kwenye bei nafuu ya wanaotumia chini ya uniti 75. Ni kweli, utaondolewa, na umeme wa taa, feni na friji utapanda kwa shilingi elfu kumi na kitu. Iongeze kwenye hesabu. Bado unabaki na zaidi ya laki mbili mfukoni kila mwezi, na Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wanapotangaza bei za mafuta, wewe utakuwa unakunywa chai yako.

Lipo jambo jingine linalonichemsha damu. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, hapa hapa Kilwa, na tangu 2004 inapita bombani hadi Dar es Salaam kuendesha mitambo ya umeme. Pale Somanga Fungu ilijengwa mitambo inayochoma gesi hiyo hiyo. Jirani zetu wa Rufiji wamepata Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Umeme huu ni wa kwetu, unatoka chini ya bahari yetu na kwenye mito yetu, ilhali petroli ya kila lita unayomimina inaletwa kwa meli na kulipiwa kwa dola. Mtu wa Kilwa kuogopa gari la umeme ni jambo la kushangaza. Mababu zetu waliifanya Kilwa Kisiwani kuwa mji wa biashara uliosifika mbali kwa nguvu za kaskazi na kusi, upepo ambao haukuuzwa na mtu.

Na wala hutakuwa wa kwanza. Masoud Kipanya, mchora katuni tunayemjua, alizindua gari lake dogo la umeme Dar es Salaam mwaka 2022. Mwaka huo huo mabasi ya umeme ya BasiGo yalianza kubeba abiria Nairobi. Ethiopia ilizuia uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli mwanzoni mwa 2024, na miezi michache baadaye treni yetu ya umeme ikaanza kukimbia Dar hadi Morogoro.

Basi tufunge chaja, na hapa usifanye haraka. Gari linavuta umeme mwingi kwa saa nyingi mfululizo, kazi ambayo pasi na jiko haviifanyi. Soketi ya kawaida inaweza kuchaji kwa ampea 10: uniti mbili na kidogo kwa saa, kwa hiyo gari la betri ndogo linajaa kwa saa kumi hivi, usiku mmoja. Lakini soketi hiyo iwe imara, na iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye swichi kuu, waya wa milimita 4 au 6, na breka yake. Ekstensheni ya dukani usiiguse kabisa. Itayeyuka, na kama paa lako ni la makuti sina haja ya kueleza zaidi.

Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, siyo yule kijana hodari wa mtaani anayeunga kila kitu. Mwombe mambo mawili bila kumwonea haya. Kwanza, apime waya wa ardhini. Pwani yetu sehemu nyingi ni mwamba wa matumbawe, na fimbo iliyochomekwa kwenye mwamba mkavu haipeleki umeme popote. Pengine itabidi zichomekwe mbili, au utafutwe udongo wenye unyevu. Pili, afunge kifaa cha kukata umeme unapovuja. Hewa ya chumvi inakula shaba na vyuma haraka kuliko tunavyodhani, kwa hiyo soketi iwe na kifuniko, iwe kwenye kivuli, na ikaguliwe kila baada ya miezi michache. Ukitaka chaja ya ukutani yenye kasi, uliza TANESCO kama laini yako inahimili.

Umeme unakatika, najua. Lakini gari linalala na chaji ya siku mbili au tatu za mizunguko, halihitaji umeme kila dakika. Kimbunga Hidaya kilipopiga Mei 2024 na barabara kukatika Somanga, kila kilichopanda lori kutoka Dar kilisimama. Aliye na paneli za sola za kilowati 3 juu ya bati anavuna uniti kumi hivi siku ya jua, kilomita 50 na zaidi, hata barabara ikifungwa pande zote.

Joto ndilo adui wa betri, hasa ya Leaf hizo za uniti 24 na 40, ambazo hazina mfumo wa maji wa kuipoza. Egesha chini ya mwembe. Chaji usiku, ishia asilimia 80 siku za kawaida, jaza pomoni siku ya safari tu. Na hakikisha LUKU ina uniti kabla ya kulala, maana ikiisha saa nane usiku utaamkia gari lenye njaa.

Kabla ya kulipa, pita kwenye kikokotoo cha TRA cha magari yaliyotumika. Gari la zamani sana linaweza kuonekana rahisi Japani kisha ushuru wa uchakavu ukakuumiza bandarini. Uliza aina ya plagi, kwa kuwa ya gari la Uchina na ya gari la Japani hazifanani. Halafu mwambie muuzaji akutumie picha ya dashibodi ikiwa imewashwa. Leaf ikiwa mpya ina vijistari 12 vya afya ya betri pembeni mwa kipimo cha chaji. Vikiwa 10 au zaidi, zungumza bei. Vikiwa 7, au akikwepa kutuma picha, muachie gari lake huko huko Yokohama utafute jingine, wiki hii hii.