Kazi ya Kudumu na Kazi ya Mkataba: Hasara Ni ya Nani?

Tumeletewa suali na kijana wa kwetu, mzaliwa wa pwani, ambaye riziki imempeleka bara, upande wa Asumbi katika Kaunti ya Homa Bay, mji mdogo unaojulikana kwa misheni ya Kikatoliki, skuli zake na chuo chake cha ualimu. Kijana huyu ameandikwa kazi ya kudumu yenye pensheni katika skuli moja ya huko. Huangalia kompyuta na kuwafundisha wanafunzi kuzitumia. Sasa kampuni moja ya Nairobi inamtaka aiandikie programu kwa mkataba wa mwaka mmoja, kwa ujira ulio mara moja na nusu ya mshahara wake. Mama yake amemkataza. Ami yake amemwambia kuwa mwenye kuiacha kazi ya kudumu ameitupa neema ya Mungu. Rafiki zake nao wamwambia kuwa mwenye kuuogopa mkataba hana tegemeo juu ya Mola wake. Auliza: ni nani kati ya hawa aliyesema kweli?

Jawabu yetu ni kuwa pande zote mbili zimeliacha suali lenyewe. Wazee wametazama usalama, vijana wametazama fedha, na hapana aliyeuliza: siku hasara itakapokuja, itakuwa juu ya nani?

Kwanza natulitazame neno hili "kudumu". Kudumu ni sifa ya Mwenyezi Mungu peke yake. Katika miaka ya 1990 Serikali ya Kenya ilipunguza maelfu ya watumishi wake, na wengi wao walikuwa na barua za kazi ya kudumu masandukuni mwao. Kwa hivyo asidhani mtu kuwa barua ndiyo imlishayo. Lakini maneno haya yasiwe hoja ya mwenye kuajiri kuwaambia watu wake, "Hapana cha kudumu duniani," kisha akawanyima haki zao. Kweli ikitumiwa kwa kudhulumu haiwi tena uongofu.

Wanavyuoni wetu wa fikihi walikwisha kupambanua tangu zamani kuwa ajiri ni wa namna mbili. Yuko ajiri makhsusi, ambaye wakati wake ni wa mtu mmoja. Huyu akijihudhurisha kazini hustahiki ujira wake, hata kama siku ile bwana wake hakuwa na kazi ya kumpa. Na yuko ajiri wa watu wote, mfano wa fundi wa cherehani, ambaye hupokea kazi kwa kila mwenye kumjia, na ujira wake hupatikana kwa kuimaliza kazi. Wa kwanza huuza wakati wake, wa pili huuza kazi yake. Siku isiyokuwa na kazi ni hasara ya mwajiri kwa yule wa kwanza, na ni hasara ya fundi kwa yule wa pili.

Yampasa basi kijana wetu ajue mkataba alioletewa ni upi, kwani siku hizi mambo mawili mbalimbali huitwa kwa jina moja. Akiandikwa mtumishi kwa muda wa mwaka, yeye bado ni mtumishi, na Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yampa likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka pamoja na likizo ya ugonjwa yenye malipo. Akiandikwa kuwa fundi wa kujitegemea, hana likizo, wala hapana wa kumchangia katika mfuko wa uzeeni, na akiugua ameugua kwa mali yake mwenyewe.

Wala jambo hili si geni kwetu watu wa pwani. Neno "kibarua" asili yake ni barua ndogo, yaani cheti cha mfanya kazi ya siku. Bandari ya Mombasa ilijengeka juu ya migongo ya vibarua, na wengi katika wazee wetu waliupenda ukibarua kuliko mshahara wa mwezi. Mtu alikwenda bandarini siku aliyotaka, akapumzika siku aliyotaka, na hapakuwa na bwana wa kumsimamia mwezi mzima. Wakoloni waliuita uvivu, na katika miaka ya 1950 wakaukomesha pole pole, watu wakaandikwa kwa mwezi. Lakini tuulize, mbona wazee wale waliweza? Aghlabu yao nyuma yao palikuwa na shamba dogo, au nyumba, au jamaa wa karibu. Na wale waliokuja kutoka mbali, waliolipa kodi ya chumba na kununua kila kitu sokoni, waliuona ukibarua kuwa ni njaa. Kazi moja, ujira mmoja, na hali mbili mbalimbali, kwa sababu ya kile kilichokuwa nyuma ya mtu.

Sasa natuingie katika hesabu, kwani kumtegemea Mungu si kuacha kuhesabu. Tuseme mshahara wa kudumu ni shilingi 60,000 kwa mwezi, na ujira wa mkataba ni 90,000. Kwa mwaka mmoja ziada ni 360,000, na kwa macho ni fedha nyingi. Lakini mkataba ukiisha, naye akakaa miezi miwili akitafuta mwengine, basi kwa miezi 14 amepata 1,080,000, na lau angebaki skuli angepata 840,000. Ziada imekwisha kuwa 240,000. Humo atoe kompyuta yake, umeme na intaneti, bima ya matibabu, akiba ya uzee, na siku za homa. Huenda kikabaki kitu, na huenda kisibaki.

Hapa ndipo penye nukta yetu. Katika kanuni mashuhuri za fikihi ni kuwa faida hufuatana na dhamana, yaani mwenye kula pato la kitu ndiye mwenye kuichukua hasara yake. Basi ile ziada ya ujira wa mkataba si zawadi. Ni bei ya dhamana aliyoitua mwajiri na kumtwika mfanya kazi. Mwenye kuipokea akaila yote katika mwaka wa neema, akajenga sifa kwa nguo na karamu, amekula fungu la mama yake na watoto wake la siku ya dhiki. Fungu lile mkononi mwake ni amana.

Na kwa kanuni hiyo hiyo, mwajiri mwenye kuitua dhamana asiilipie bei ni mwenye kudhulumu. Mji wa walimu kama Asumbi waijua khabari hii. Mwaka 2023 maelfu ya walimu wa sekondari ya chini nchini Kenya waliandikwa kuwa wanagenzi, wakafundisha kama wenzao kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Dhamana ilikuwa yao, na ujira ukawa mdogo zaidi. Aprili 2024 mahakama ya kazi ilihukumu kuwa Tume ya kuajiri walimu haina mamlaka ya kuwaajiri kwa namna hiyo, na Januari 2025 wakaingizwa katika kazi ya kudumu. Katika kazi za kompyuta pia, mwaka 2023 watu zaidi ya 180 wa Nairobi, waliokuwa wakichuja maandishi na picha za Facebook chini ya kampuni ya Sama, walikwenda mahakamani baada ya kuachishwa kazi. Kampuni ya Meta, mwenye Facebook, ikasema kuwa si mwajiri wao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaamua kuwa Meta yaweza kushitakiwa Kenya. Tazameni: kazi ilipokuwa ikifanyika, hapana aliyebishana ni ya nani, hasara ilipokuja ndipo mwenyewe akatafutwa.

Kurani imetusimulia mkataba wa Nabii Musa (A.S.) na mzee wa Madyan: miaka minane ya utumishi, na akipenda kutimiza kumi ni kwa hiari yake. Tuna mazingatio matatu hapo. Muda ulitajwa. Ziada iliachwa kwa ridhaa ya mfanya kazi, si kwa kulazimishwa. Na mwenye kuajiri alisema mwenyewe kuwa hataki kumtia mwenzake mashakani. Linganisheni na mikataba ya leo ya programu, ambayo kila wiki huja "ongeza na hiki kidogo", mpaka kazi ya miezi mitatu ikawa ya miezi sita kwa ujira ule ule.

Kwa hivyo kijana wetu twamwambia haya. Kuhama si haramu wala si kufuru ya neema, na kubaki si upungufu wa imani. Aiandike kazi, muda, siku ya malipo, na nini kitalipwa kazi ikizidi. Aweke kando chakula cha miezi kadhaa kabla ya kuhama, na kama hana cha kuweka, basi asubiri, kwani hana shamba nyuma yake. Akae na mama yake amwoneshe hesabu hii, kwa sababu hasara ikija itaingia nyumbani mwake pia, na mwenye kushiriki hasara ana haki ya kushauriwa. Tena asiiache skuli katikati ya mitihani. Atoe ilani kwa muda wake, na akabidhi mitambo pamoja na maneno yake ya siri, asiondoke nayo kichwani.

Na nyinyi wenye kuajiri katika miji yetu, wenye maduka, wenye mahoteli na wenye skuli, kabla hamjamwandika mtu miezi mitatu mitatu miaka nenda miaka rudi, jiulizeni: hasara niliyoitua begani kwangu, nimemlipa nani aichukue?

Wabillahi ttawfiq.