Taji Lisilomwacha wa Pili

Someni: 1 Wakorintho 9:24–27, 2 Timotheo 4:6–8



Sisi tukaao Kariakoo twaijua sana habari ya mashindano. Msimbazi pana Simba, na Jangwani pana Yanga. Nayo siku wakutanapo, hata muuza nazi sokoni hupokea fedha huku masikio yake yako uwanjani. Na uchungu wa kushindwa twaujua pia. Mwaka 1993 Simba walilikosa kombe la Afrika mbele ya Stella ya Abidjan, na mwaka 2025 mbele ya Berkane ya Moroko. Mwaka 2023 Yanga walifungwa mabao 2 kwa 1 hapa mjini, wakaenda Algiers wakashinda 1 kwa 0. Wakarudi mikono mitupu, kwa kuwa kanuni iliyapa uzito mabao ya ugenini. Nasi tulifanya nini? Walioshindwa tuliwacheka. Wapo kati yetu walioketi ubao mmoja kanisani wasipeane mkono. Kwa ajili hiyo twaandika maneno haya.

Na tumtazame mwana wa nchi yetu, Juma Ikangaa, askari, mkimbiaji wa marathoni, yaani mbio za kilometa 42 na zaidi. Mwaka 1982 huko Brisbane, katika michezo ya Jumuiya ya Madola, alikuwa wa pili kwa sekunde 12. Mwaka 1988 huko Boston alikuwa wa pili, nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya, kwa sekunde 1 tu. Ni kama pumzi moja. Mwaka 1989 alirudi Boston, akawa wa pili tena. Lakini Novemba ya mwaka ule ule, naye ana miaka 32, alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, wala kabla yake hapakuwa na aliyeshinda huko kwa upesi kama huo. Je, ushindi ule ulimfungia mlango wa kushindwa? Hapana. Mwaka 1990 alikwenda Boston, akawa wa pili mara ya tatu.

Mara nyingi sisi wahubiri husema: Vumilia, utashinda. Neno hili ni jema, lakini tukiishia hapo twawadanganya watu. Wengi wamevumilia wala hawakushinda. Soko letu lilipoungua Julai 2021, aliyepoteza mali yake hakukosa bidii. Musa naye aliiongoza Israeli miaka 40, akaiona nchi kwa macho yake toka mlima Nebo, asiingie. Basi tumaini letu lisisimame juu ya mbio zijazo.

Paulo awaambia Wakorintho ya kuwa katika mashindano wapiga mbio ni wengi, naye apewaye tuzo ni mmoja. Hiyo ndiyo sheria ya uwanja. Lakini alipokuwa mzee, amefungwa minyororo, amwandikia Timotheo ya kwamba taji aliyowekewa si yake peke yake, bali ni ya wote wapendao kufunuliwa kwake Bwana. Yawezekanaje? Yawezekana kwa kuwa yuko Mmoja aliyekwisha kushinda, naye alishinda kwa sura ya mtu aliyeshindwa. Pale msalabani watu walitikisa vichwa, wakamcheka, kama tulivyocheka sisi. Na tuzo aliyoipata hakujiwekea, huwagawia wasiostahili. Kwa hiyo hatupigi mbio ili tuinunue neema. Twapiga mbio kwa kuwa tumekwisha kupewa. Hapo wa kwanza hana la kujisifia, wala wa pili hana la kuona haya.

Basi, ndugu, kabla hatujaikaribia meza ya Bwana, kila mmoja amtafute yule aliyemcheka, akampe mkono. Nawe mzee wa kanisa ambaye kazi yako imesahauliwa, nawe mchukuzi usukumaye mkokoteni toka alfajiri na jioni huna akiba, msilegee. Bwana hawapimi kwa sekunde. Yeye mwenyewe amesimama mwisho wa njia, na taji i mkononi mwake, hata kwa afikaye wa mwisho. Amin.