Siri ya Mgonjwa ni Amana ya Nani?

Mwaka jana nilimsindikiza shangazi yangu kwenye kituo kimoja cha afya hapa Bujumbura. Mapokezi kulikuwa na kompyuta mpya, na juu ya kioo chake palibandikwa karatasi yenye neno la siri, ili muuguzi wa zamu yoyote asipate taabu. Sisi tuliokuwa kwenye foleni tulilisoma wote. Shangazi alipoulizwa amekuja kupima nini, alijibu kwamba ni malaria. Haikuwa malaria. Tukiwa njiani kurudi Buyenzi aliniambia, "Mwanangu, ugonjwa nauweza. Maneno ya mtaani siyawezi."

Tangu siku hiyo najiuliza: mgonjwa anayemweleza daktari siri yake, anamkabidhi nini? Na mwizi akiichukua siri hiyo kutoka kwenye kompyuta, hatia ni ya nani?

Kwa Kirundi siri huitwa ibanga, na mtu wa ibanga ni mtu wa kuaminika. Jeanne Gapiya, aliyeanzisha shirika la ANSS mwaka 1993, alikuwa Mrundi wa kwanza kutangaza hadharani kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI. Tunamheshimu kwa ushujaa huo. Lakini habari ileile, kama ingetangazwa na mtu aliyeiiba, ingekuwa dhuluma. Kwa hiyo ubaya haumo katika habari yenyewe, bali katika kumpokonya mwenyewe haki ya kuamua aiseme lini na kwa nani.

Nchini Ufini, mwaka 2020, mtu aliyekuwa ameiba kumbukumbu za kampuni ya tiba ya kisaikolojia iitwayo Vastaamo aliwaandikia wagonjwa wenyewe. Aliwadai fedha, la sivyo angechapisha waliyomweleza mtaalamu wao faraghani. Kumbukumbu za watu zaidi ya 30,000 ziliibwa. Fedha zikiibwa huweza kulipwa. Siri ikishatoka, hata hakimu hawezi kuirudisha.

Mwenzangu mmoja darasani hupinga hivi: kituo kisicho na dawa za kutosha kitagharimiaje ulinzi wa kompyuta? Tuokoe uhai kwanza, siri baadaye. Hoja hii ina uzito, lakini inatenganisha mambo mawili yanayokwenda pamoja. Juni 2024 wadukuzi waliishambulia Huduma ya Taifa ya Maabara ya Afya ya Afrika Kusini, na majibu ya vipimo yakachelewa kuwafikia madaktari katika hospitali za umma. Pale uhai na data vilishikwa kwa mkono mmoja. Tena mgonjwa asiyeamini kwamba siri yake italindwa hudanganya, kama shangazi, akarudi nyumbani na dawa ya ugonjwa asio nao.

Wala si kila kinga inahitaji fedha nyingi. Virusi vya kompyuta vya WannaCry vilipovuruga hospitali za Uingereza Mei 2017, Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa marekebisho tangu Machi. Kompyuta nyingi zilikuwa hazijayapata. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila muuguzi awe na neno lake la siri, nakala ya data ihifadhiwe mbali na mtandao, na mgonjwa asiulizwe yasiyohusu matibabu yake. Mambo haya yanadai nidhamu kuliko fedha.

Basi hatia ni ya nani? Mwizi ana hatia ya wizi, hilo halina mjadala. Lakini aliyepokea amana hajitoi kwa kusema mwizi alikuwa hodari, ikiwa mlango aliuacha wazi. Hata hivyo, si haki kumtwika mzigo wote muuguzi anayetumia kompyuta moja na wenzake, bila kufundishwa lolote. Aliyenunua mashine na kusahau mafunzo ndiye wa kuulizwa kwanza.

Na mimi pia niulizwe. Nililisoma neno lile la siri, nikaona hatari yake, nikanyamaza kwa kuogopa kuonekana mjuaji. Shangazi alikwenda kupimwa mahali pengine, mbali na mtaa wetu, wiki tatu baadaye. Wiki hizo tatu, kwa sehemu yangu ndogo, nazihesabu kuwa deni.