Daraja la Kamba na Maana ya Ushujaa

Katika pwani ya kaskazini ya Ayalandi ya Kaskazini, karibu na kijiji cha Ballintoy, pana kisiwa kidogo cha jabali kiitwacho Carrick-a-Rede. Kati yake na bara pana mwanya wa mita 20 hivi, na mita 30 chini yake mawimbi hupiga miamba usiku na mchana. Juu ya mwanya huo limetundikwa daraja la kamba. Husimuliwa kuwa wavuvi walifunga la kwanza mwaka 1755, wapate kuwatega samaki waitwao samoni wapitapo kisiwani.

Zamani daraja hilo lilikuwa na kamba moja tu ya kushikia, na mbao zake ziliachana. Uvuvi ulikoma mwaka 2002. Siku hizi wapitao ni watalii, na daraja lao ni la waya imara, lenye pa kushika pande zote mbili. Hata hivyo, wamekuwapo waliovuka wakashindwa kurudi, ikabidi wachukuliwe kwa mashua.

Nakuuliza, msomaji: kati ya mvuvi yule na mtalii huyu, shujaa ni nani? Pengine utajibu upesi kuwa ni mvuvi. Ngoja kwanza. Mvuvi alivuka kila mara hata nyayo zake zikazoea. Huenda moyo wake haukudunda kuliko wako upitapo uani. Mtalii alitetemeka mwili mzima, lakini akavuka. Ikiwa ushujaa ni kushinda hofu tu, basi mtalii amemzidi mvuvi.

Lakini hofu ni nusu ya mizani. Nusu ya pili ni kile kitafutwacho ng'ambo. Mvuvi alifuata riziki ya watoto wake. Mtalii aliyevuka kwa kuogopa kuchekwa hakushinda hofu. Alibadili hofu moja kwa nyingine. Aliogopa vinywa vya watu kuliko kilindi cha bahari.

Wazee wetu walisema: kwa mwoga huenda kicheko, na kwa shujaa huenda kilio. Walijua kwamba kuna kurudi nyuma kusiko na aibu. Lakini methali hii isiwe kichaka cha kujifichia. Mwenzako akisingiziwa wizi, nawe waujua ukweli, daraja liko mbele yako, na ng'ambo haki inakungoja. Vuka, hata magoti yakigongana. Bali rafiki zako wakikuita uvuke mto uliofurika ili wakupigie makofi, rudi, wala usiinamishe kichwa. Na ukimwona mwingine amerudi, usimcheke, kwani hujui moyoni mwake alipima nini.

Basi, kabla ya kukanyaga ubao wa kwanza, usiulize watu watasema nini. Uliza ng'ambo kuna nini.