Mchezaji wa Pande Zote

Wahenga walisema kwamba mshika mawili moja humponyoka. Neno hili ni onyo jema kwa mtu mwenye tamaa, na katika kazi nyingi za dunia limethibitika kuwa kweli. Lakini uko mchezo mmoja ambao katika kila kizazi huleta mtu wa kulijaribu. Mchezo huo ni kriketi, hasa ile ya mataifa iitwayo Testi, ambayo huweza kudumu siku 5. Timu ina watu 11. Kwa desturi wengine huchaguliwa kwa ustadi wa kupiga mpira kwa gongo na kukusanya mikimbio; wengine huchaguliwa kwa ustadi wa kurusha mpira na kuwatoa wapigaji wa upande wa pili. Mara chache hutokea mtu aliyejaliwa yote mawili. Huyo huitwa mchezaji wa pande zote, na swali la nani kati ya hao astahili kuitwa mkuu limewashindanisha wapenzi wa mchezo kwa miaka mingi. Chini ya swali hilo liko jingine lililo zito zaidi: ukuu wa mtu upimwe kwa alichopata, au kwa alichobeba?

Rai ya kwanza ni ya hesabu. Mpigaji hupimwa kwa wastani wa mikimbio apatayo kwa kila mara atolewapo. Ukiwa mkubwa ni sifa. Mrushaji hupimwa kwa wastani wa mikimbio inayomtoka kwa kila mpigaji amtoaye, yaani kwa kila wiketi. Ukiwa mdogo ni sifa. Basi, wasema wenye rai hii, wastani wa pili na utolewe katika wa kwanza, na mwenye baki kubwa avikwe taji. Garfield Sobers wa Barbados, aliyeichezea West Indies Testi 93 toka mwaka 1954 hata 1974, alikuwa na wastani wa 57.78 kwa gongo na 34.03 kwa mpira. Baki yake ni 23.75. Jacques Kallis wa Afrika Kusini, aliyecheza Testi 166 toka mwaka 1995 hata 2013, alikuwa na 55.37 na 32.65, baki yake ni 22.72. Imran Khan wa Pakistan alikuwa na 37.69 na 22.81, baki yake ni 14.88.

Mizani hii yapendeza kwa sababu haina upendeleo, lakini ina tundu kubwa. Donald Bradman wa Australia, mpigaji asiye na mfano, alimaliza Testi zake 52 kwa wastani wa 99.94. Katika muda wote huo alirusha mipira 160 tu, akapata wiketi 2 kwa wastani wa 36. Baki yake yapita 63. Kwa hesabu hiyo Bradman angekuwa mkuu wa wachezaji wa pande zote, na hali kazi ya pili hakuifanya. Mizani inayomtukuza mtu kwa kazi asiyoifanya haifai kuaminiwa peke yake.

Rai ya pili yasema kwamba mchezaji wa pande zote ni yule ambaye kila ustadi wake, ukiachwa peke yake, ungemtosha kuchaguliwa. Imran Khan alipatwa na jaribio hili bila ya kulitaka. Mfupa wa muundi wake ulipata ufa, akawa hawezi kurusha mpira. Hata hivyo mwishoni mwa mwaka 1983 alicheza Melbourne kama mpigaji tu, akapata mikimbio 83, kisha 72 bila ya kutolewa. Ustadi uliompa jina ulipomwacha, wa pili ulisimama kwa miguu yake. Kipimo hiki ni kikali. Chawaweka kando hata watukufu kama Richard Hadlee wa New Zealand, mwenye wiketi 431, ambaye gongo lake, kwa wastani wa 27.16, lilikuwa msaada mzuri lakini si nguzo.

Hata hivyo kustahili kuchaguliwa ni mlango wa nyumba, si nyumba yenyewe. Sobers na Kallis wote wawili wamekwisha kuingia; hapo yafaa kuuliza kila mmoja alibeba nini. Sobers alirusha mipira 21,599, yaani kama 232 kwa kila Testi. Kallis alirusha 20,232, yaani kama 122. Tena Sobers alirusha kwa namna tatu, ya kasi na mbili za kuuzungusha mpira, kwa kadiri timu ilivyohitaji. Mwaka 1966, alipokuwa nahodha huko Uingereza, katika Testi 5 alipata mikimbio 722 na wiketi 20.

Hapa mtetezi wa Kallis ana neno la haki. Kallis alicheza pamoja na warushaji kama Allan Donald, Shaun Pollock, Makhaya Ntini na Dale Steyn. Je, mtu alaumiwe kwa kuwa na jirani wenye nguvu? La. Lakini kutolaumiwa ni jambo moja, na kusifiwa kwa mzigo ambao hakuubeba ni jingine. Uwezo wake haupungui. Linalopimwa ni tendo.

Wengine husema kwamba kipimo cha mwisho ni ushindi, nao humtaja Ian Botham. Huko Leeds mwaka 1981 Uingereza ilikuwa imekwisha poteza wapigaji 7 na bado ilikuwa nyuma, naye akapata mikimbio 149 bila ya kutolewa. Australia ilihitaji 130 tu, ikaanguka kwa 111. Lakini aliyeiangusha ni Bob Willis, kwa wiketi 8. Bila ya Willis, tendo la Botham lingekuwa lile lile na ushindi usingekuwapo. Tena, mtu wa kwanza kupata mikimbio 100 katika zamu moja ya kupiga, pamoja na wiketi 10 katika Testi hiyo hiyo, hakuwa mwanamume. Alikuwa Betty Wilson wa Australia, huko Melbourne mwaka 1958, aliyepata wiketi 11 kwa mikimbio 16 tu. Botham alikuja kuwa mwanamume wa kwanza mwaka 1980. Mchezo ule wa Wilson uliisha kwa sare. Anayepima kwa ushindi peke yake hana budi kumnyima Wilson haki yake, na hukumu hiyo haikubaliki.

Basi mchezaji mkuu wa pande zote ni yule ambaye kila ustadi wake ungemtosha, naye akautoa wote pale wenzake walipouhitaji, washinde au wasishinde. Kwa kipimo hiki Sobers yu mbele. Methali ya wahenga haikuvunjwa naye. Iliwaonya wanaoshika mawili kwa tamaa. Haikuwakataza wanaobebeshwa mawili na haja ya wenzao.