Kimya cha Muuzaji Mnadani

Gari la serikali nalo huchakaa. Namba zake za GK, zilizolipitisha kwa heshima penye vizuizi vya askari, hazizuii kutu. Gharama ya kulitengeneza ikizidi manufaa yake, huegeshwa uani mpaka majani yakaota chini yake, likingoja kamati ya ofisi iamue liondolewe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 juu ya ununuzi na uondoaji wa mali ya umma yataja njia kadhaa za kuliondoa, na mojawapo ni mnada wa hadhara. Basi hutolewa tangazo, na watu wa Nakuru, Njoro, Molo na Gilgil watafutao gari la bei nafuu huja kulitazama.

Hulitazama, lakini kulijua hawalijui. Kwa kawaida hawapewi nafasi ya kuliendesha. Pengine hata injini haiwashwi. Sharti la mnada ni kwamba kitu chauzwa jinsi kilivyo na mahali kilipo. Nyundo ikigonga, mauzo yamekwisha, na kasoro yo yote itakayoonekana kesho ni mzigo wa mnunuzi. Je, muuzaji ajuaye kwamba breki ni mbovu, naye akanyamaza, amedanganya?

Swali hili ni la kale. Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, aliliandika mwaka 44 kabla ya Kristo katika kitabu alichomtungia mwanawe aliyekuwa masomoni Athens. Aliwashindanisha wanafalsafa wawili juu ya mtu auzaye nyumba yenye ila azijuazo yeye peke yake. Antipater alishika kwamba kunyamaza ni sawa na kumwacha mwenzio apotee, nawe waijua njia. Diogenes wa Babeli akajibu kwamba mnunuzi hakulazimishwa na mtu. Tena ni kichekesho gani mnadi apaze sauti kwamba anauza nyumba yenye maradhi! Cicero mwenyewe aliegemea upande wa Antipater.

Diogenes si mtu wa kupuuzwa. Ajaye mnadani ajua kwamba anabahatisha, na bei huwa ndogo kwa sababu hiyo hiyo. Kama ila ni kiti kilichochanika au rangi iliyobabuka, mimi nami nasema macho wanayo, na watazame.

Lakini hoja yake yafaa baina ya watu wawili, kila mmoja na mali yake. Gari la GK lilinunuliwa kwa kodi, na miongoni mwa waliolilipia ni huyo huyo mkulima wa Molo asimamaye mnadani na fedha za viazi vyake. Anauziwa kitu ambacho kwa sehemu ni chake, na wauzaji ni watumishi wake. Mtumishi ana haki gani ya kumficha bwana wake habari za mali yake? Kuyabandika kiooni maandishi ya fundi juu ya matengenezo ya gari hakungegharimu shilingi nyingi. Labda bei ingeshuka, na hazina ingepata hasara kidogo. Lakini gari lile halitaendeshwa uani tu. Litaingia barabara ya Eldoret, kwenye mteremko wa Sachang'wan hadi Salgaa, ambako ajali zimeua watu wengi. Na watakaokutana nalo huko hawakutaja bei yo yote mnadani.

Wapo pia wanunuzi wajuao mengi kuliko wenzao. Tuseme dereva wa ofisi amnong'oneza shemeji yake kwamba gari lile lionekanalo bovu limetiwa injini nyingine majuzi. Sheria humzuia mtumishi kuuziwa mali ya ofisi yake, ila pale inaporuhusu waziwazi; mnong'ono ni vigumu kuuzuia. Shemeji ametoa fedha halali na kushindana hadharani, lakini walioshindana naye walikuwa kama waliofungwa macho. Kwangu mimi, lawama ya dereva ni kubwa zaidi, kwani siri ile aliipata akilipwa mshahara na umma, akaitoa kwa mmoja. Asubuhi ile ile angeweza kusimama kando ya gari na kumjibu kila aulizaye.